Pikipiki inashika kwa choki tu, nikirudisha choki inazima. Nianzie wapi?

Nuru_Asubuhi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kuifungua kabureta kwa mikono yake mwenyewe.

Nina pikipiki ndogo ya cc 125, silinda moja, ya kupozwa kwa hewa, kabureta ya kawaida yenye choki ya kidole pembeni. Ilikaa imeegeshwa muda mrefu na petroli kama nusu tangi. Sasa nimeirudisha barabarani na tabia yake ni hii: asubuhi nikiweka choki na kupiga kiki inashika bila tabu na kunguruma vizuri. Nikiirudisha choki, mlio unapanda kidogo, unashuka, inazima. Nikishikilia mafuta kidogo haizimi ila inakohoa. Nikiwa njiani na gripu imevutwa nusu, inakimbia kama haijawahi kuugua. Shida inarudi ninapoachia mafuta: nikisimama inazima, hata kama injini imeshapata moto, na kwenye mteremko ekzosi inapiga pa-pa-pa mpaka watu wanageuka.

Nimeweka plagi mpya ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu. Betri ina chaji. Petroli ya zamani nimeimwaga yote, nimeweka mpya. Chujio la hewa nimelitoa na kulipuliza, halikuwa chafu. Hakuna kilichobadilika.

Nimeshauriwa niongeze skrubu ya sailensi, yaani mzunguko wa injini gripu ikiwa imeachiwa, mpaka isizime. Nimejaribu, na kweli haizimi, lakini inabaki inalia juu muda wote na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Sitaki kuificha shida, nataka kuimaliza. Nina bisibisi, seti ya spana, plaizi na jioni zangu zote. Kabureta sijawahi kuifungua. Nianzie wapi, na nisiguse nini?

Kiki_Moja

Mkuu, hiyo kabureta imeshachoka. Nunua nyingine, inafungwa kwa bolti mbili tu, unamaliza jioni moja. Kuzibua ni kupoteza muda, leo unazibua, kesho inaziba tena.

Mama_Spana

Nuru, usinunue kabureta kwanza. Kiki_Moja, sikubishii kwa ubishi tu. Kabureta mpya ikifungwa juu ya manifoldi (bomba fupi la kati ya kabureta na injini) inayovuja hewa itafanya vilevile, na kabureta nyingi za kuigiza huja na jeti, yaani vijitundu vya kupimia petroli, ambazo hazikuchaguliwa kwa injini ya mwenye kuinunua. Atatoka kwenye shida anayoijua, aingie kwenye nyingine asiyoijua.

Maelezo yako, Nuru, yenyewe yameshataja ugonjwa. Choki inabana hewa ili injini ivute petroli zaidi. Injini baridi inahitaji hivyo, iliyopata moto haihitaji. Yako inaitaka choki hata ikiwa ya moto, maana yake gripu ikiachiwa petroli inayofika ni kidogo kuliko hewa inayoingia. Ama petroli imezibiwa njia, ama kuna hewa inayojipenyeza mahali pasipostahili. Na hizo pa-pa-pa za mteremkoni zinasema hayohayo: mchanganyiko ukiwa na petroli haba hauungui wote ndani ya silinda, unakwenda kulipukia kwenye ekzosi.

Mbona ikiwa nusu gripu ni nzima? Kwa sababu ndani ya kabureta kuna njia zaidi ya moja. Gripu ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, petroli inapita kwenye jeti ndogo, hiyo tunayoiita jeti ya sailensi. Kuanzia kama robo mpaka robo tatu inatawala sindano inayoning'inia kwenye pistoni ya kabureta, ile inayopandishwa na waya wa mafuta. Ukivuta kupita hapo, jeti kubwa ndiyo inayoamua. Mipaka hiyo inaingiliana, lakini inatosha kukuonyesha pa kutazama. Ungesema inakata pumzi kwenye mlima gripu ikiwa wazi yote, ningekutuma kwenye jeti kubwa, koki ya mafuta au tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi. Wewe unazimikiwa chini. Nenda kwenye jeti ndogo.

Tena umesema ilikaa. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi inaruka na kinachobaki ni gundi ya kahawia. Kwenye tangi petroli ni nyingi, inachukua muda kuharibika. Kwenye bakuli la kabureta ni kidogo sana na hapo ndipo inapokauka mapema. Tundu la jeti ndogo halifiki hata nusu ya milimita. Kwa hiyo ulipomwaga ya tangini hukuigusa shida kabisa.

Sasa kazi. Fanyia nje au mahali penye hewa ya kutosha, injini iwe baridi, pasiwe na jiko wala sigara karibu. Funga koki. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia: weka chupa ya kioo, ilegeze, acha petroli yote itoke kwenye kimpira chake. Iangalie hiyo chupa kwenye mwanga. Maji hayachanganyiki na petroli, yatakaa chini kama matone ya mviringo. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi, na ukiiona usihangaike na jeti peke yake, kwa sababu tangi litakuletea nyingine wiki hiyohiyo. Hapo Kiki_Moja ana haki: inayoziba kila mara ina chanzo juu, kwenye tangi au kwenye chujio dogo la koki.

Kabla ya kuchomoa kabureta, piga picha kila mpira unakokwenda. Ukiishaitoa, igeuze, fungua bakuli. Utaona boya, na katikati jeti mbili za shaba. Kubwa imesimama kwenye mnara wa kati, ndogo imezama kwenye tundu lake pembeni. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mkato wote. Shaba ni laini, bisibisi nyembamba itaula mkato na jeti itabaki humo.

Ishike jeti ndogo kwa vidole viwili, ielekeze dirishani, tazama ndani yake kama unavyotunga uzi kwenye sindano. Tundu likiwa safi utaona nukta ya mwanga ya mviringo iliyokamilika. Ukiona giza, au nukta iliyokatwa upande mmoja, umeshampata mwizi. Tazama pia vitundu vya ubavuni, maana jeti nyingi za namna hii zina matundu madogo shingoni yanayochanganya hewa na petroli. Watu husafisha la katikati, wakayasahau hayo, kisha wakasema kuzibua hakusaidii.

Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize, rudia. Ikigoma, chukua waya wa umeme wa nyuzinyuzi, chomoa uzi mmoja wa shaba nyekundu, upitishe taratibu. Usitumie waya wa chuma, pini wala sindano ya cherehani. Chuma kinapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa hairudi tena, itakula petroli maisha yake yote.

Kisha njia zenyewe za kwenye mwili wa kabureta. Hapa ndipo wengi wanapokomea njiani. Toa boya na kila kitu cha mpira kabla ya kupuliza dawa, kwa sababu dawa hiyo huvimbisha mpira na upepo wa kompresa unaweza kuliharibu boya. Vaa miwani. Ingiza mrija wa dawa kwenye tundu ilimokaa jeti ndogo na upulize: inatakiwa itokee kwenye kitundu kidogo ndani ya koo la kabureta, upande wa injini, karibu kabisa na pistoni inapokalia. Vitundu hivyo vinaweza kuwa viwili au vitatu. Kama havitoi, hujamaliza, hata jeti ikiwa inang'aa.

Skrubu ya hewa, ile ndogo ya ubavuni inayopima mchanganyiko wa sailensi, ina masharti. Kabla hujaitoa, izungushe kuingia ndani polepole ukihesabu, mpaka iguse tu. Iguse, isibanwe, ncha yake ni nyembamba, inavunjikia ndani. Andika hesabu hiyo, mfano moja na nusu au mbili na robo. Ndiyo utakayoirudishia. Ikitoka, angalia isipotee springi, washa na oringi (pete ya mpira) ndogo iliyo nyuma yake. Oringi hiyo mara nyingi hubaki ndani ya tundu, na mtu akipuliza inaruka asijue kwamba ilikuwepo.

Swali lako la nini usiguse: usikunje ulimi wa boya, na usihamishe klipu ya sindano. Havijakukosea.

Mwisho, hewa ya kujipenyeza. Tazama uso wa kabureta unaokutana na manifoldi. Hapo pana oringi kwenye mfereji wake. Ikiwa imebonyea imekuwa bapa, haizibi kitu. Weka rula ya chuma juu ya uso huo, uielekeze kwenye mwanga. Bolti hizo mbili zikibanwa kwa hasira miaka kadhaa, masikio ya kabureta hupinda kuelekea injini na katikati panabaki mwanya. Mwanya mdogo unanyooka kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ukiusugua uso huo kwa mzunguko bila kukandamiza, kisha unaosha vumbi lote. Unaporudisha, bana bolti kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Yote yakiwa safi na bado inazima, hapo tutazungumza habari ya tapeti, yaani nafasi iliyo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma. Fanya hayo, ulete majibu.

Chaji_Kamili

Mama Spana kamaliza, naongeza la umeme tu. Nuru, kofia ya plagi kwenye pikipiki nyingi hizi imeskrubiwa kwenye waya wa koili. Ifungue kwa kuizungusha, tazama ncha ya waya. Ikiwa nyeusi au kijani, kata kama nusu sentimita, ufike kwenye shaba safi, uiskrubie tena. Watu hubadilisha plagi mara kwa mara huku moto unapotelea kwenye kofia.

Ukitaka kuona moto, laza plagi juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake, maana pale panatoka mvuke wa petroli. Usiishike kwa mkono.

Nuru_Asubuhi

Nimerudi. Mama Spana, shikamoo, na ahsante sana. Chaji_Kamili, ncha ya waya ilikuwa safi, nimeirudisha kama ilivyokuwa.

Kwenye chupa sikuona maji wala kutu, lakini chini ya bakuli palikuwa na tope la kahawia linalonata kidoleni. Jeti ndogo: giza tupu. Niliielekeza kwenye jua kabisa, hakuna nukta. Nimeiloweka usiku mzima kwenye dawa, asubuhi nikapitisha uzi wa shaba, ikafunguka. Vitundu vya shingoni navyo vilikuwa vimeziba. Nilipopuliza kwenye mwili wa kabureta, dawa haikutoka kooni mwanzoni, ilitoka vipovu tu, baadaye ikaruka mchirizi.

Oringi ya kwenye manifoldi ilikuwa bapa na ngumu, nimeweka mpya. Rula inaonyesha uso umenyooka. Skrubu ya hewa ilikuwa moja na robo, nimeirudisha hapohapo.

Sasa inashika asubuhi kwa choki, na baada ya muda mfupi narudisha choki, haizimi! Lakini sijaridhika. Sailensi yake haijatulia, inapanda na kushuka yenyewe. Asubuhi kiki zimekuwa nyingi kidogo kuliko zamani. Na ile pa-pa-pa imepungua ila ipo. Je, nizungushe skrubu ya hewa sasa, au kuna jingine?

Mama_Spana

Marahaba, Nuru. Umefanya kazi nzuri, na umeifanya kwa utaratibu. Hilo la vipovu kwanza, mchirizi baadaye, ndilo nililotaka ulione kwa macho yako.

Skrubu ya hewa usiiguse bado. Mtu akirekebisha kabureta wakati tapeti ziko vibaya, anarekebisha kwa kufuata kosa, na siku tapeti zikisetiwa kabureta inakuwa nje tena. Tapeti kwanza.

Ninaomba usilichukulie hili kirahisi, kwa sababu ndilo linaloua injini nyingi ndogo zinazotunzwa nyumbani. Tapeti iliyolegea inalia tik-tik, kila mtu anaisikia na anaikimbilia. Tapeti iliyobana haitoi sauti yoyote. Valvu inakalia kiti chake kila inapofunga, na kadiri vinavyolika, nafasi inapungua. Ikiisha kabisa, valvu haifungi sawasawa: mgandamizo unavuja, kiki zinakuwa nyingi, sailensi haitulii. Valvu ya ekzosi ikiwa hivyo inaungua, kwa sababu inapokalia kiti ndipo inapopoa. Injini iliyonyamaza kuliko zamani inanitia wasiwasi zaidi kuliko inayolia kidogo.

Injini iwe baridi kabisa, ya asubuhi kabla ya kuwashwa. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi. Upande wa magineti kuna vifuniko viwili vya kuskrubu, kimoja katikati na kingine kidogo juu. Ingiza soketi kwenye nati ya katikati, zungusha upande uleule injini inakozungukia, ambao kwa nyingi za aina hii ukiitazama kutoka kushoto ni kinyume cha saa. Tazama kwenye kidirisha cha juu. Itapita alama ya F, hiyo ni ya moto wa plagi, iache. Unayoitaka ni T. Ilinganishe na mkato wa kwenye kidirisha.

Sasa fungua vifuniko vya tapeti, shika kila roka kwa vidole, itikise juu chini. Zote mbili zinatakiwa ziwe na mchezo mdogo. Kama moja imekaza, huenda uko kwenye T isiyo yake, kwa sababu pistoni hufika juu mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi. Zungusha duara zima, urudi kwenye T, ujaribu tena. Ikiwa hata hapo imekaza, basi hiyo ndiyo tapeti iliyobana.

Vipimo ufuate kitabu cha pikipiki yako. Kwa mfano, Honda CG125 ni milimita 0.08 kwa zote mbili, ya kuingiza na ya ekzosi. Nyingine hutofautisha, ya ekzosi ikapewa nafasi kubwa zaidi. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, inatakiwa ipite ikiwa inakwaruza kidogo. Ukilegeza nati na kuseti, ishike ile skrubu ya katikati isizunguke wakati unabana nati, halafu pima tena. Nati ikibanwa huwa inasogeza kipimo, karibu kila mara. Mtu asiyepima baada ya kubana hajaseti kitu.

Tapeti zikiwa sawa, endesha mpaka injini ipate moto wa kweli, si wa kunguruma imesimama. Sasa ndipo skrubu ya hewa. Ongeza sailensi kidogo kwa skrubu yake, kisha geuza ya hewa robo mzunguko, subiri injini ijibu, robo nyingine, subiri. Unatafuta pale mlio unapokuwa wa juu na ulionyooka. Ukilipita utasikia unalegea, rudi. Hapo shusha sailensi ifikie ya kitabu. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hukaa kwenye mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika.

Kuhusu upande wa kuzungusha, tazama skrubu iko wapi. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua kunaongeza hewa, yaani kunapunguza petroli. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima juu ya hili na wote wakawa sahihi, kila mmoja kwa kabureta yake.

Ukiona yako, kama ni ya upande wa injini, inataka kufunguliwa zaidi ya mara tatu ndipo itulie, usiikubali. Ina maana njia ndogo bado ina uchafu au hewa bado inapenya mahali.

Na hizo pa-pa zilizobaki, kabla ya kuilaumu kabureta tena, angalia ekzosi inapoungana na silinda hedi. Gasketi ya pale ikivuja utaona masizi meusi pembeni ya mkono wa bomba. Unapoachia mafuta, ekzosi inavuta hewa mbichi kupitia hapo, petroli isiyoungua inakutana nayo, inalipuka.

Bonde_na_Mlima

Samahani kuingilia mada ya mwenzangu. Mama, yangu inashika vizuri na inatulia, lakini nikiiegesha inadondosha petroli kwenye kimpira cha chini ya kabureta. Asubuhi kuna doa sakafuni. Hilo nalo ni jeti?

Mama_Spana

Hapana, ndugu yangu, hilo ni boya na sindano yake. Petroli ikijaa kwenye bakuli, boya linapanda na kuisukuma sindano izibe mlango. Usipozibika, ya ziada inatokea kwenye kimpira hicho. Funga koki leo, kabla ya kitu kingine, na uizoee kuifunga kila unapoegesha. Doa la petroli sakafuni ndani ya nyumba ni hatari ya moto, usilale nalo.

Fungua bakuli, chomoa pini ya boya, itazame ncha ya sindano. Ikiwa na mfereji wa duara ulioliwa kwenye mpira, ibadilishe. Ikiwa nzima, safisha kiti chake kwa kijiti cha pamba, mara nyingi ni chembe moja ya uchafu. Litikise boya sikioni: ukisikia maji yakicheza ndani, limetoboka, limejaa petroli, haliwezi kuelea.

Halafu kuna jambo ninalotaka ulifanye kabla hujapiga kiki nyingine. Chomoa kijiti cha oili, kinuse. Petroli inayozidi haitoki yote nje, nyingine huingia kwenye silinda na kuteremkia kwenye oili. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama na inadondoka kama maji, usiiwashe. Imwage, uweke mpya baada ya kutengeneza boya, siyo kabla. Iwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na ya magari inaweza kuifanya iteleze. Na ukikuta kiki imekwama haishuki, usiilazimishe kwa mguu. Silinda inaweza kuwa imejaa petroli, na petroli haigandamizwi. Toa plagi, zima swichi, isukume taratibu itoke yote.

Nuru_Asubuhi

Mrejesho. Tapeti ya kuingiza ilikuwa sawa. Ya ekzosi fila geji ndogo kabisa niliyonayo, ya 0.05, haikupita. Nimeiseti kama kitabu kinavyosema, na kweli nilipobana nati ilisogea, nikarudia mpaka ikakubali. Skrubu ya hewa imetulia kwenye mbili kasoro kidogo, ni ya upande wa injini. Sailensi sasa haipandi wala haishuki, na kiki imerudi kama zamani.

Masizi yapo kwenye mkono wa ekzosi, upande wa chini usioonekana mpaka uiname. Bolti moja imeshika kutu, haigeuki. Nifanyeje nisiikate?

Chaji_Kamili

Usitumie nguvu. Piga dawa ya kulegeza kutu leo jioni, rudia asubuhi. Kisha washa injini mpaka pale papate moto, zima, acha ipungue kidogo usijiunguze, na ujaribu kuibana kwanza kiduchu kabla ya kuilegeza. Ikisogea hata nywele moja, nenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku ukiongeza dawa injini ikishapoa. Usipulize dawa kwenye bomba la moto.

Mama_Spana

Na uwe na gasketi mpya mkononi kabla ya kuifungua, Nuru. Ya zamani ikishalegezwa haizibi tena. Pima tapeti ya ekzosi tena ukishatembea kama kilomita 500. Ikiwa imebana upya upesi hivyo, kiti cha valvu kinaliwa, na hapo fungua uzi mwingine uniite.